Kamera ya mfukoni au ya kubadilisha lenzi? Amua kabla hujaingia dukani

Mwezi uliopita shemeji yangu alinipigia simu usiku, pesa ya kikoba imetoka.

"Shemeji, nataka kamera."

"Kamera gani?"

"Kubwa. Ile ya kubadilisha lenzi."

"Ya kazi gani?"

Akacheka. "Watu wakiniona wajue mpiga picha kafika."

Sikumlaumu. Nimepiga picha za harusi na send-off hapa Dar es Salaam miaka tisa, na najua ukiingia ukumbini na kamera inayoenea kiganjani, MC anakupita kama mgeni mwalikwa. Lakini shemeji hafanyi biashara. Anataka picha za watoto wake, za mama yake aliyeko Tanga, na za mechi za Jumamosi za kijana wake mkubwa. Tukakaa siku mbili tukilipima jambo hilo, na hatua ni hizi. Kuchaji betri na kuchomeka kadi sitaeleza, hayo utayaona mwenyewe.

Hatua ya 1: Hesabu picha zilizo kwenye simu yako

Kamera iache kwanza. Fungua simu, chukua picha 200 za mwisho ulizopiga wewe (za kutumiwa WhatsApp ziruke), uzigawe mafungu matatu: watu ndani ya nyumba au usiku, vitu vya mbali, na vya karibu mchana kweupe. Kisha angalia zilizoharibika ziko fungu gani zaidi.

Za shemeji zilizoharibika, zaidi ya nusu zilipigwa sebuleni kwa mama yake, taa ya tyubu moja, watoto wametoka na mikono ya ukungu utadhani wana mbawa. Zilizobaki zilikuwa za uwanjani: nyasi nyingi, na kijana ni nukta ya bluu kwa mbali.

Ukikuta karibu zote ni za mchana na zimetoka safi, bakia na simu yako. Nunua kadi au bando, pesa nyingine weka.

Hatua ya 2: Pima sensa, megapikseli usizisikilize

Sensa ninayosema si ya kuhesabu watu. Ni kile kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Kikiwa kikubwa, picha ya gizani inatoka na chenga chache. Vipimo vya kukariri ni hivi:

- Kamera ndogo za bei ya chini na zile zenye zumu ndefu mno: kama mm 6.2 kwa 4.6
- Kamera nzuri za mfukoni, zile za "inchi 1": mm 13.2 kwa 8.8
- Kamera nyingi za kubadilisha lenzi (APS-C): kama mm 23 kwa 15
- "Fulu fremu": mm 36 kwa 24

Kundi la kwanza lifute kabisa. Simu nyingi za bei ya juu siku hizi zina sensa kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo unalipa pesa kurudi nyuma. Muuzaji atakuonyesha zumu ya mara 40 na mwezi ukijaa kwenye skrini. Mpe pole, pita.

Ushindani wa kweli uko kati ya kundi la pili, kama Sony RX100 (ya kwanza ilitoka 2012) au Canon G7 X, na la tatu.

Hatua ya 3: Angalia namba ya f ya lenzi inayokuja na boksi

Hapa ndipo watu wananikatalia. Kamera ya kubadilisha lenzi ya kuanzia kwa kawaida inauzwa na lenzi ya 18-55 (ni milimita; namba ikiwa kubwa, lenzi inavuta mbali zaidi), yenye f/3.5-5.6. Sony RX100 III ina lenzi ya f/1.8-2.8. Canon G7 X Mark II vilevile, f/1.8-2.8. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga unaingia kwa wingi. Kati ya f/5.6 na f/2.8 ni mara nne.

Sasa piga hesabu. Sensa ya APS-C ya Canon ina eneo la karibu mara tatu ya ile ya inchi 1. Lakini ukivuta zumu hadi mwisho, lenzi ya mfukoni inapitisha mwanga mara nne. Maana yake sebuleni usiku, kamera ndogo inakwenda sare na ile kubwa yenye lenzi ya boksi, na pengine inaipita kidogo. Nimewahi kuzipanga mbili hizo juu ya meza ya jikoni, taa moja, bakuli moja la maembe, na fundi mwenzangu akachagua picha ya kamera ndogo akidhani ni ya kubwa.

Mizani inageuka siku unapofunga lenzi nyingine. Weka 50mm f/1.8 kwenye bodi ileile (bodi ni kamera yenyewe bila lenzi), na mwanga unaofika kwenye sensa unakuwa karibu mara saba ya ule wa kamera ya mfukoni ikiwa imevuta umbali huohuo. Hapo hakuna ubishi tena.

Kwa hiyo swali nililomuuliza shemeji lilikuwa moja tu: lenzi ya pili utanunua lini? Kama jibu ni "tutaona mbele ya safari", chukua ya mfukoni. Kamera ya kubadilisha lenzi isiyobadilishwa lenzi ni kamera ndogo iliyonenepa. Kama lenzi ya pili imo kwenye bajeti ya leo, hata kama bodi itabidi iwe ya mtumba, endelea.

(Kuna ndugu wa tatu: Ricoh GR III na Fujifilm X100 zina sensa ya APS-C na lenzi moja isiyotoka wala kuvuta. Tamu sana, mimi mwenyewe natamani. Lakini bila zumu, mtu anayeanza atazichukia ndani ya wiki.)

Hatua ya 4: Hakikisha lenzi ya pili inaelewana na bodi

Nisamehe, hapa nitarefusha. Hatua hii iliwahi kunila usiku mzima.

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa Nikon D3100 ya mtumba. Nikadunduliza, nikapata lenzi ya 50mm f/1.8D kwa bei ya kutupa, kesho yake nina kipaimara cha mtoto wa jirani. Nikaifunga saa moja jioni. Ikaingia vizuri, ikalia "tak". Nikabonyeza: skrini ikaandika FEE, kitufe hakishuki. Nikafuta vile vidoti vya shaba kwa kitambaa, nikazima, nikawasha, nikatoa betri. FEE. Saa tatu nikaanza kumlaani aliyeniuzia. Saa nne nikagundua kwamba lenzi za D (zenye herufi D baada ya namba ya f, kama hiyo yangu) zina pete ya kuzungusha tundu, na pete hiyo lazima uizungushe hadi namba ya mwisho, 22, ya rangi ya chungwa, kisha uifunge kwa kale kadude kadogo ka pembeni. FEE ikatoweka. Nikashangilia peke yangu.

Kisha fokasi ikagoma. Picha zote ukungu. Nikabadilisha modi zote zilizomo kwenye menyu hadi saa saba usiku. Ukweli ni kwamba D3100 haina mota ya fokasi ndani ya bodi, na lenzi za D nazo hazina mota. Kila mmoja anamsubiri mwenzake. Kipaimara nikakipiga kwa kuzungusha fokasi kwa mkono, na Askofu ametoka na pua kali, macho yamelegea.

Aliyeniuzia hakuwa na kosa. Lenzi ilikuwa nzima kabisa.

Kwa hiyo, ukiwa na Nikon za DSLR (kamera za kubadilisha lenzi zenye kioo ndani):

Bodi za D3000 hadi D3500, na za D5000 hadi D5600, hazina mota. Zinataka lenzi iliyoandikwa AF-S, yaani yenye mota yake ndani. Kuna nyingine zimeandikwa AF-P, nazo ni nzuri na tulivu, lakini bodi za zamani kama D3100 na D3200 haziwezi kuzitumia. Hata fokasi ya mkono inakataa. D3400 na D3500 hazina tatizo nazo. D90 na D7000 zina mota, kwa hiyo lenzi za D zinafanya kazi humo, ila AF-P hazifanyi.

Canon ni rahisi zaidi kichwani, na ndiyo sababu ninamshauri kila anayeanza aende huko, wapenzi wa Nikon wanisamehe. Lenzi zote za EF, tangu 1987, zina mota ndani. Angalia alama kwenye mdomo wa lenzi: doti nyekundu ni EF, inaingia kwenye DSLR zote za Canon zinazotumia EF, kijisanduku cheupe ni EF-S, hiyo ni ya bodi za APS-C tu, na bodi yako nayo lazima iwe na kijisanduku cheupe. Linganisha alama na alama, usilazimishe.

Mtego wa Canon uko kwenye zile zisizo na kioo ndani. EOS M50 na ndugu zake wa M zinajaa sokoni kwa bei nzuri, ni ndogo na zinapendeza. Lenzi zake ni EF-M, ukoo ambao Canon imeuacha. Hazihamii kwenye bodi mpya za EOS R, na lenzi za RF za huko haziji kwako. Adapta ya kuweka lenzi za EF kwenye M ipo na inafanya kazi vizuri. Lakini ukija kupanda daraja, zile za EF-M unaziuza. Bodi za R zenyewe zinatumia RF, na lenzi za EF zinaingia kwa adapta bila kupoteza fokasi. Kinyume chake, RF kwenye DSLR, hakuna.

Njia fupi ya kukwepa yote haya: nenda na bodi dukani, funga lenzi, elekeza kwenye bango la mbali, kisha kwenye kidole chako, kisha bango tena. Ikihama yenyewe mara zote tatu, lipa.

Hatua ya 5: Beba sukari

Weka pakiti ya sukari ya kilo moja kwenye begi unalotembea nalo, uzunguke nayo siku nzima, daladala, Kariakoo, kote. Huo ndio uzito wa bodi, lenzi mbili na chaja. RX100 III ina gramu 290. Dada yangu alifanya jaribio hili akiwa na mtoto mgongoni, saa sita mchana akaitoa sukari kwa mama ntilie. Alinunua G7 X, na ndiyo kamera pekee kwenye ukoo wetu inayokwenda Zanzibar na kurudi na picha.

Shemeji alimaliza siku. Alinung'unika, ila alimaliza.

Hatua ya 6: Kagua mtumba

Kamera ya mfukoni: iwashe na kuizima mara kumi, lenzi ikitoka na kurudi. Sikiliza. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, iache, mchanga wa ufukweni ndio unaoziua. Vumbi likishaingia ndani ya lenzi isiyovuliwa, ni kuifungua yote.

Lenzi ya kutoka: ivue, washa tochi ya simu nyuma yake, chungulia mbele kwa mshazari. Vumbi kidogo si kitu. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na sisi wa Pwani tunao unyevu wa kuilisha. Usichukue hata kwa bure. Nyumbani hifadhi lenzi kwenye boksi linalofunga, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Mchele usiutumie, unga wake unaingia kwenye pete.

Sony iliyotoka Japani: fungua menyu kabla hujalipa. Nyingi zilizotengenezwa kwa soko la huko zina Kijapani peke yake, na hakuna mahali pa kubadilisha.

Kifurushi chenye stendi, flashi na vioo vya kuzungushia mbele ya lenzi, omba wavitoe wakupunguzie bei.

Shemeji alichukua Canon 200D ya mtumba na 50mm f/1.8 STM mpya. Lenzi ya kuvuta kwa ajili ya mechi itasubiri kikoba cha mwakani. Nimemkataza 75-300 ya bei rahisi, iko taratibu na picha zake za mwisho wa zumu zimelegea. Jumapili akapiga simu kutoka Tanga.

"Shemeji, hii hamsini imeninyima nafasi. Nimeegemea ukuta na bado mama haenei."

Hilo nililisahau, kosa langu. Kwenye APS-C ya Canon 50 inabana picha kama lenzi ya 80 kwenye fulu fremu, na kwa sebule ile nilipaswa kumwambia achukue EF-S 24mm f/2.8. Nikamwambia afungue mlango, asimame koridoni. Nikamsikia akiwaomba watoto wasogeze viatu.