Kiti kitupu kinapokuwa mheshimiwa

Hili ni igizo la kuchekesha bila maneno: weka kiti kimoja katikati ya jukwaa, waigizaji 3. Wanakiamkia kwa mikono miwili, wanakipangia foleni, wanakifuta vumbi. Mmoja akijisahau akakikalia, wenzake wagande kwa hesabu ya 4 kabla ya kumwinua. Usiikate hesabu hiyo: hapo ndipo mtazamaji anapoliona kosa, na kicheko hutoka.

Mwigizaji akianguka katika igizo, aanguke hivi: kunja magoti, teremkia paja kisha tako, kidevu kifuani. Usijikinge kwa viganja, kifundo cha mkono kinaweza kuteguka. Anzeni mazoezi juu ya godoro.

Waigizaji wasicheke kamwe. Heshima yao kwa kiti iwe ya dhati. Tendo hili likirudiwa mara ya 3, kiti kibebwe nje, foleni ibaki ikiinamia sakafu.