Mipaka ya latisi: ijaribu kwa mashimo 16 kabla hujaamini tungamo ulilopata

Pita kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo, hapa Dodoma. Mzabibu wa katikati ya safu una jirani huku na huku. Wa mwisho ana jirani mmoja tu; upande wa pili ni upepo na vumbi. Latisi, yaani gridi ya vituo tunayoitumia kukokotoa nadharia ya uga wa kwanta (fizikia ya chembe ndogo kabisa), ina shida hiyohiyo: uga, yaani kiasi chenye thamani kila mahali, hauna mwisho, kompyuta ina mwisho. Tangu Kenneth Wilson aweke nadharia za geji (zinazoeleza kani kati ya chembe) kwenye latisi mwaka 1974, swali la kufanya nini ukingoni halijaondoka. Wanafunzi ninaowasaidia hulirukia haraka mno, kwa hiyo nimeliandikia mwongozo. Kompyuta mpakato ya kawaida inatosha.

Hatua ya 1: Jenga pete. Kwenye bao, kila mchezaji ana mashimo 16, na kete zikifika mwisho wa safu zinapinda na kurudi. Huo ndio mpaka wa mzunguko. Tengeneza matriksi ya 16 kwa 16. Kwenye ulalo mkuu (kutoka juu kushoto hadi chini kulia) weka m² + 2, ambapo m ni tungamo la uga, yaani masi yake, na kwa kila jirani weka −1. Pembe mbili, juu kulia na chini kushoto, weka −1 pia, maana shimo la kwanza na la mwisho ni majirani. Chukua m = 0.5.

Hatua ya 2: Tafuta kinyume cha matriksi. Namba za ulalo mkuu wa hicho kinyume ni wastani wa mraba wa uga kwenye kila shimo. Utapata 0.9708 kila mahali. Latisi isiyo na mwisho ingekupa 0.9701. Sasa rudia kwa mashimo 8: inaruka hadi 1.0079, karibu asilimia 4 zaidi.

Hatua ya 3: Weka ukuta. Rudi kwenye pete ya 16 na ulazimishe uga uwe sifuri kwenye shimo moja, yaani futa safu mlalo yake na safu wima yake. Zimebaki 15. Katikati unapata 0.9694, lakini kwenye shimo linalogusa ukuta unapata 0.6096 tu. Huyo ndiye mzabibu wa ukingoni.

Kwa nini pete inaongeza na ukuta unapunguza? Athari ya uga ikienda umbali wa mashimo n hufifia kwa e^(−μn), ambapo 2 sinh(μ/2) = m; kwetu μ = 0.4949. Kwenye pete, athari inazunguka duara lote na kukurudia ikiwa na alama ileile, ikajumlishwa. Ukutani inaakisiwa alama ikiwa imegeuka, ikatolewa. Ukubwa wa kosa unafuata e^(−μN), N ikiwa idadi ya mashimo ya pete, ndiyo maana kuongeza mashimo mara mbili tu kulishusha kosa kutoka asilimia 3.9 hadi 0.07.

Hatua ya 4: Pima tungamo. Hapa ndipo nilipopoteza siku nyingi nilipoanza kazi hii. Kanuni ya haraka ni logi asilia ya G(n)/G(n+1), ambapo G(n) ni namba ya kile kinyume cha matriksi kwa mashimo mawili yaliyo umbali n. Kwenye pete ya 16, n = 1 inatoa 0.493, safi. n = 4 inatoa 0.464. n = 7 inatoa 0.118! Nilidhani programu yangu ina kosa, nikaiandika upya yote. Haikuwa na kosa. Athari mbili zilikuwa zinakutana katikati ya pete, moja ikitokea kulia na nyingine kushoto. Tumia badala yake arccosh ya [G(n−1) + G(n+1)] / 2G(n). Itakupa 0.495, yaani μ ileile, kwa kila n kuanzia 1, kwenye pete na hata kwenye ukuta ukianzia katikati.

Hatua ya 5: Weka m = 0. Pete itakataa: uga ulio sawa kila mahali hauna gharama yoyote, kwa hiyo matriksi haina kinyume. Matriksi yenye ukuta itajibu vizuri. Mimi hata hivyo huanza na pete daima, kwa sababu mashimo yote yako sawa na unaweza kupiga wastani wa yote.

Hatua ya 6: Panda hadi vipimo vinne, vitatu vya mahali na kimoja cha wakati. Kwenye hesabu za kwaki (chembe zinazounda protoni), watu hutaka tungamo la pioni (chembe nyepesi ya kwaki na antikwaki) mara urefu wa upande wa latisi lisipungue 4, kwa vizio ambamo ħ = c = 1. Kwa pioni halisi, ya takriban MeV 140, hiyo ni kama femtomita 5.6; nafasi kati ya vituo (mashimo yetu) ikiwa femtomita 0.09, ni vituo 64 hivi kila upande. Hapo ndipo gharama ya mpaka inapoonekana.

Upande wa wakati una sheria yake: uga wa femioni (chembe za aina ya kwaki na elektroni) lazima ugeuze alama ukimaliza mzunguko. Jaribu kugeuza huko kwenye pete yako ya 16 kwa kuweka +1 kwenye zile pembe mbili. Ulalo mkuu wote utasoma 0.9694, namba ileile ya katikati ya ukuta. Ukipata nyingine, kagua pembe zako.