Kabla ya kutoa laki tatu kwa laptopu ya gemu, uliza nani ataifungua ikifa

Swali ninaloulizwa zaidi hapa mezani kwangu, ghorofani nyuma ya Luthuli Avenue, ni hili: "Fundi, kati ya Legion, ROG, Predator, Omen, Alienware na MSI, ni gani haiharibiki?" Zote huja kwangu. Prosesa na kadi ya grafiki zinazokula wati 200 na zaidi, zikiwa zimebanwa ndani ya kasha jembamba, huishi kwenye joto, na joto halijali nembo. Ziko modeli zinazopoa vizuri kuliko nyingine, na ni vyema kuzichunguza. Lakini mtu anayetoa laki tatu za jasho lake anahitaji kwanza kujua mambo matatu: ikifia hapa Nairobi nani ataifungua, kipuri kitatoka wapi, na usafiri ni juu ya nani. Mimi ningechukua yenye kadi ya chini hatua moja lakini ina majibu hayo, niiache ya juu isiyo nayo.

Wengi wa wateja wangu hawachezi gemu tu. Ni wahariri wa video, wachoraji wa majengo, vijana wa uhuishaji. Mashine ikilala wiki sita, kodi ya nyumba nayo inalala. Ndiyo sababu naandika haya kwa kirefu.

Waranti ina nchi yake

Watu husoma miaka kwenye boksi, ilhali cha kusoma kwanza ni nchi. Waranti nyingi za laptopu za gemu hufuata eneo ambako mashine iliuzwa mara ya kwanza. Ile iliyonunuliwa Marekani ikaja kwenye begi la shemeji inaweza kuwa na miaka miwili mizima ya waranti, yote ikisubiri Marekani. Kampuni nyingine zina waranti ya kimataifa, lakini hata hiyo hutegemea modeli: kama modeli hiyo haiuzwi rasmi Kenya, kituo cha hapa huenda hakina kipuri chake wala ruhusa ya kukiagiza. Nilimpokea kijana mmoja wa Umoja, mchoraji wa majengo, mashine yake ikiwa ndani ya waranti kabisa. Kituo kilimwambia airudishe ilikotoka, kwa gharama yake. Akaona heri anilipe mimi.

Kwa hiyo, ukiwa dukani, kabla ya kutaja pesa, omba nambari ya seriali iliyo kwenye boksi. Iandike kwenye ukurasa wa huduma wa kampuni iliyotengeneza mashine. Utaona modeli kamili, siku waranti ilipoanza, siku itakapokwisha, na mara nyingi eneo. Ikiwa boksi ni "jipya" na waranti ilianza miezi minane iliyopita, muuzaji ana jambo la kukueleza. Kisha linganisha seriali tatu: ya boksi, ya kibandiko cha chini ya mashine, na ile inayoonekana ndani ya BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows kuanza. Zikitofautiana, bodi kuu ya mashine imewahi kubadilishwa au boksi si lake. Hapo rudisha pesa zako mfukoni.

Muuzaji akikuambia "Usijali kastoma, waranti iko," muulize ni ya kampuni au ya duka. Waranti ya duka si kitu kibaya, na kwa mashine za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, mara nyingi ndiyo pekee utakayopata, ila nguvu yake ni nguvu ya duka lenyewe. Itake kwa maandishi: inachukua muda gani, inagusa bodi na skrini au chaja tu, na wakishindwa kutengeneza watakupa nini. Seriali iandikwe kwenye risiti. Lipa kwa till au paybill yenye jina la duka, usitume kwa nambari ya mtu. M-Pesa hairuhusu zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo malipo ya laki tatu yatagawanyika. Hakikisha misimbo ya miamala yote miwili imeandikwa kwenye risiti hiyo hiyo. Nimeona mteja akibishaniwa nusu ya pesa zake kwa sababu ya ujumbe mmoja uliofutwa.

Piga simu kabla hujanunua

Hii ndiyo hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote, na karibu hakuna anayeifanya. Tafuta nambari ya kituo cha huduma kilichoidhinishwa cha kampuni hiyo hapa Nairobi, siyo ya duka, upige. Sema wazi kwamba unafikiria kununua modeli fulani, uitaje kwa jina lake lote na herufi zake zote. Halafu uliza: bodi ya modeli hii mnaibadilisha hapa hapa au mnaipeleka nje? Ikiagizwa, wateja wa karibuni walisubiri muda gani? Nikiongeza RAM (kumbukumbu ya kazi) au SSD (diski ya kuhifadhia faili) mwenyewe, waranti inabaki? Na betri je?

Swali la betri lina uzito wake. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria. Hupanda ndege za mizigo tu, zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Ndiyo maana RAM inaweza kukufikia kwa siku chache huku betri ya mashine hiyo hiyo ikichukua miezi. Kituo kinachojua kazi yake kitakueleza hivyo bila kubabaika.

Sikiliza pia namna wanavyojibu. Anayesema "bodi hatuweki, huagizwa baada ya kampuni kuidhinisha, hesabu wiki tatu hadi tano" amekupa kitu cha kupangia maisha. Anayesema "leta tu, tutaangalia" hajakupa kitu. Baada ya simu, tuma maswali hayo hayo kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi. Ukipigia vituo viwili au vitatu, utashangaa jinsi orodha yako ya modeli inavyojipunguza yenyewe.

Siku za kwanza, itese

Kasoro nyingi za kiwandani hujitokeza mapema, na mapema ndipo duka huwa na moyo wa kukubadilishia. Usiitunze kama yai. Fungua programu ya HWiNFO uone nyuzi joto, kisha endesha FurMark na Cinebench, programu za kuichosha kadi na prosesa, kwa pamoja nusu saa, mashine ikiwa mezani na chaja yake halisi. Isizime, isigande, isipige mistari kwenye skrini. Feni isikwaruze. Weka skrini nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu gizani, utafute vitone vilivyokufa na mwanga unaovuja pembeni. Kampuni nyingi huvumilia vitone kadhaa kabla ya kukubali kubadilisha, hivyo uliza idadi yao. Kila tundu la USB lijaribu. Kwenye Windows andika powercfg /batteryreport ulinganishe uwezo wa betri wa kiwandani na wa sasa: kwa mashine mpya namba hizo hukaribiana sana. Programu ya CrystalDiskInfo itakuambia SSD imefanya kazi kwa jumla ya saa ngapi. Ikisema mamia, hiyo si mpya.

Usiogope ikiwa joto lako linazidi kidogo lile uliloliona kwenye majaribio ya watu wa nje. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa, kwa hiyo kila mzunguko wa feni huondoa joto pungufu kuliko ambalo ungeondoa pwani kwenye hewa nzito. Baridi yetu ya Julai hufidia sehemu. Februari, kwenye chumba cha bati, haifidii.

Vumbi sitalisemea sana: peperusha matundu kila baada ya miezi michache, feni ukiwa umeishika isizunguke. Kuhusu stima, hatari yenyewe ni ule mruko wa umeme unaporudi, kwa hiyo weka kinga nzuri ya umeme ukutani. Ukinunua UPS, ile betri ya kushikilia mashine stima ikikatika, soma wati zake. Ndogo ya 650VA kwa kawaida haifiki hata wati 400, na chaja ya mashine kubwa peke yake huweza kufika 330. Ongeza monita na umeizidi. Chaja ya barabarani yenye wati chache usiitumie hata kwa wiki moja. Mashine itavuta upungufu kutoka kwenye betri huku umeichomeka, na betri itazeeka haraka. Ikiwa mashine yako hushinda imechomekwa, weka kikomo cha chaji asilimia 80 kwenye programu ya kampuni. Na ukiona sehemu ya kupapasia kipanya imeinuka au kifuniko hakifungi sawa, betri imevimba: zima, chomoa, peleka, usiibonyeze.

Namna ya kuipeleka kituoni

Nakala ya kazi zako kwanza. Hilo kila mtu hulisema. Lisilosemwa ni BitLocker. Laptopu nyingi za Windows 11 hujifunga kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba faili za diski, bila mwenyewe kujua, na ufunguo wake umeshikana na bodi. Kituo kikibadilisha bodi, SSD yako itadai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, na usipokuwa nao faili zako zimekwenda. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft leo, mashine ikiwa bado hai, uandike ufunguo huo kwenye karatasi. Nimewaona watu wazima wakilia kwa jambo hili moja.

Piga video ya tatizo likitokea, seriali ionekane mwanzoni. Piga picha za pande zote, pembe na bawaba. Kwenye karatasi ya mapokezi usikubali waandike "inazima" tu. Sisitiza waandike hali yenyewe: "inazima baada ya dakika 20 za gemu, ikiwa kwenye chaja, haizimi ikitumika ofisini." Fundi asiyeelezwa hivyo atafungua ukurasa wa Word, ataona mashine imetulia, ataandika "haina tatizo", na wewe utakuwa umepoteza wiki mbili. Orodhesha ulivyoviacha, chaja ikiwemo, na mtu wao atie sahihi.

Wakikataa kwa kusema imeingia maji, omba picha ya mahali penyewe na kukataa kwao kwa maandishi. Mara nyingi ombi hilo peke yake hufungua mazungumzo upya. Lile bango la "bidhaa zikishauzwa hazirudishwi" lisikutishe: Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi bidhaa ya ubora unaokubalika, atamke asitamke, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki hiyo hiyo. Malalamiko hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Pesa zenyewe unaweza kuzidai kwenye Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, inayotakiwa kuamua ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Huko ndiko risiti yenye seriali, barua pepe na karatasi ya mapokezi vitakapofanya kazi.

Waranti ikiisha

Hapo ndipo tunapokutana mimi na wewe, au wewe na fundi mwingine. Kadi ya grafiki kwenye laptopu hizi imelehemiwa kwenye bodi, kwa hiyo kampuni ikiona imekufa hubadilisha bodi nzima, kwa bei inayoweza kukaribia ile ya mashine nyingine. Fundi wa bodi hutafuta kijisehemu kilichokufa, mara nyingi kwenye njia ya umeme wa kadi, na kukibadilisha. Muulize kama ana hadubini na mchoro wa bodi yako. Muulize pia kama modeli yako imewekewa metali ya kimiminika juu ya prosesa badala ya grisi ya kawaida. Metali hiyo hupitisha umeme na huila alumini, na tone moja likikaa pabaya linaua bodi iliyokuwa inapona. Asiyewahi kuishika asijifunzie kwako.

Fundi anayetaka kuipasha kadi moto kwa bunduki ya hewa "iamke", mkatalie. Huamka kweli, siku kadhaa au wiki kadhaa, muda wa kutosha kwake kulipwa, kisha inakufa ikiwa imepashwa vibaya na imekuwa ngumu kwa yeyote kuitengeneza. Jambo hili linaniuma kwa sababu nusu ya bodi hizo zingepona kama zingekuja zikiwa hazijachomwa.

Kubalianeni bei ya kukagua kabla hajafungua, na bei ya juu kabisa ambayo hatavuka bila kukupigia simu. Dai vipuri vya zamani urudishiwe. Bodi ikishindikana kabisa, usimwachie fundi bure: chipu za kumbukumbu na za umeme zilizo hai juu yake huokoa bodi nyingine ya modeli hiyo, na fundi mwaminifu atazihesabu akupunguzie bili au azinunue.