Kagua boksi kabla ya kulipa

Nauza dawa hapa Songea tangu enzi za maduka ya "dawa baridi", kabla mpango wa duka la dawa muhimu haujaanzia kwetu Ruvuma mwaka 2003. Mwaka huohuo ilizaliwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Mwaka 2019 chakula na vipodozi vikahamishiwa TBS, shirika la viwango, TFDA ikabaki na dawa, vifaa tiba na vitendanishi vya kupimia magonjwa, jina likawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kwa hiyo ukiuziwa unga uliovunda, usiwasumbue TMDA, nenda TBS.

Sasa dawa yako. Usikimbilie tarehe ya kuisha peke yake. Shika boksi, soma namba ya toleo ("Batch No."), kisha toa karatasi ya vidonge ulinganishe. Lazima zifanane. Niliwahi kuletewa katoni ya dawa za malaria, boksi linasema hivi, ndani kumeandikwa vingine. Nikairudisha yote, aliyeniletea akanuna wiki nzima. Anune tu. Tazama pia kama lakiri imeguswa, au maandishi yana makosa. Jina la dawa na la mtengenezaji litafute kwenye orodha ya dawa zilizosajiliwa, ipo kwenye tovuti ya TMDA.

Ukimeza ukawashwa au midomo ikavimba, wahi kituo cha afya ukiwa na boksi lenyewe mkononi, maana "vile vidonge vyeupe" haimsaidii mtu. Mwombe mganga ajaze fomu ya njano ya madhara ya dawa. Wengine huiona usumbufu, lakini ndiyo inayofika TMDA. Na risiti usitupe.