Kuifahamu Ikwalaiza Unapochanganya Sauti za Taarab

Fundi anayechanganya sauti za taarab mjini Tanga ana wajibu mmoja ulio juu ya mingine yote, nao ni kuhakikisha kwamba maneno ya shairi yanasikika. Tangu enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, taarab ya Tanga imekuwa na gitaa la umeme na besi, na vyombo hivyo hugombea nafasi na sauti ya mwimbaji. Ikwalaiza, yaani kifaa cha kuongeza au kupunguza sehemu fulani za sauti, kuanzia nzito hadi nyembamba, ndiyo inayoamua nani apishe na nani apite, ilimradi anayeishika anaelewa vitufe vyake.

Kitufe cha kwanza ni cha masafa, ambayo hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Sikio zima la kijana husikia takriban hezi 20 hadi 20,000. Uzi mnene kabisa wa besi ya nyuzi nne hutetema kwa takriban hezi 41, na ule wa gitaa la kawaida kwa takriban hezi 82. Masafa yanapoongezeka maradufu, sauti hupanda oktavu moja, kwa hiyo hatua ya kutoka 100 hadi 200 ni sawa, kwa sikio, na ile ya kutoka 2,000 hadi 4,000.

Kitufe cha pili huongeza au kupunguza kiwango cha masafa uliyoyachagua, kwa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Desibeli 6 hukuza mawimbi ya sauti takriban maradufu, na katika kazi ya kawaida 2 au 3 hutosha. Cha tatu huandikwa kwa herufi Q, nacho ndicho kinachowatatiza wengi, kwa sababu namba yake ikipanda eneo linaloguswa huwa jembamba, na ikishuka eneo hupanuka. Kwa maoni yangu, Q pana inafaa unapoongeza na nyembamba unapoondoa kasoro, kwani nyongeza nyembamba husikika kama mlio wa pekee usiohusiana na wimbo.

Ikwalaiza yenye vitufe hivyo vitatu huitwa ya parametriki. Ile ya grafiki, yenye safu ya vitelezi, masafa yake yamekwisha kupangwa na kiwanda, nayo hufaa zaidi kurekebisha spika za ukumbini. Zipo pia filta: moja hukata sauti zote za chini ya alama fulani, nyingine za juu yake.

Anza na filta ya kukata chini kwenye sauti ya mwimbaji wa kike. Studio nyingi za pwani haziwezi kuzima feni kwa sababu ya joto, na maikrofoni huumeza mvumo wake pamoja na ngurumo za malori ya barabarani. Panda polepole kutoka hezi 60 hadi karibu 100, na mara sauti inapoanza kukonda, rudi nyuma kidogo.

Kisha sikiliza wimbo mzima. Ikiwa sauti inasikika kana kwamba mwimbaji yumo ndani ya pipa, punguza sauti ya spika zako, weka Q karibu 4, ongeza desibeli 6, kisha tembeza masafa taratibu kati ya 200 na 500. Pale pipa linapozidi ndipo palipo na tatizo. Geuza nyongeza hiyo iwe punguzo la desibeli 3. Usiifanye kazi hii kama hujasikia kasoro kwanza, kwa maana sauti yoyote ikiongezwa namna hiyo huonekana mbovu, nawe utaishia kukata vilivyo vizima.

Hatimaye, konsonanti. Uwazi wake mwingi uko kati ya hezi 2,000 na 5,000, mahali ambapo gitaa la solo na fidla nazo hung'ara. Kabla ya kumwongezea mwimbaji, vipunguzie vyombo hivyo desibeli 2 karibu na hezi 3,000, kwa Q pana. Zima na uwashe ikwalaiza huku ukisawazisha ukubwa wa sauti kwa pande zote mbili, kwani sikio hupenda kilicho kikubwa zaidi hata kama si bora. Mwite mtu asiyelijua shairi hilo, mwombe ayarudie maneno ya ubeti mmoja baada ya kuusikia mara moja. Neno atakalolikosa ndilo la kurudia kulifanyia kazi.