Yaya alitaka kula pensheni ya daraja hapa Bukavu: namna tulivyopima dosie yake

Usiku wa Noeli yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alipiga simu toka Lausanne, Uswisi. Kazi ya bohari ilimwishia akiwa na miaka 58 na miezi mitatu, sasa anakaribia mwisho wa pesa za shomaji, yaani posho ya aliyepoteza kazi. "Mdogo wangu, kuna pesa inayomvusha mtu toka 60 mpaka 65. Nitakuja kuilia hapo Nguba, nikitazama ziwa." Mama akapiga vigelegele. Mimi, ambaye kazi yangu ni kupanga karatasi za watu, nikamwambia tungoje kwanza.

Pesa hiyo ipo kweli. Ilianza Uswisi tarehe 1 Julai 2021, na wazungumzaji wa Kifaransa kule huiita rente-pont. Kama una ndugu kule, keti naye kwenye simu mpime mambo haya kabla hajauza kitanda.

Anzeni na tarehe, maana hapo ndipo wengi huangukia. Lazima awe amemaliza haki yake yote ya bima ya shomaji, na aimalize katika mwezi anaotimiza miaka 60 au baadaye. Aliyeimaliza akiwa na 59 na miezi kumi hapati. Yaya alikuwa na haki ya posho za siku 520. Kwa siku tano kila wiki hiyo ni miaka miwili, kwa hiyo zinaisha akiwa na 60 na miezi mitatu. Amepita, lakini kwa tundu la sindano. Tena, aliyeamua mwenyewe kustaafu mapema na kuanza kuchukua pensheni ya AVS, bima ya uzee ya serikali ya Uswisi, asihangaike na dosie hii, si yake.

Kisha hesabuni miaka ya kuchangia AVS: isipungue 20, na mitano kati ya hiyo iwe baada ya kufikisha miaka 50. Katika miaka hiyo mapato nayo yanatazamwa: kwa mwaka yafikie angalau robo tatu ya pensheni ya juu kabisa ya AVS. Yaya ana miaka 27 ya kazi za kutwa nzima. Mama zetu wanaosafisha ofisi saa chache asubuhi wachunguze hapa kwa makini.

Mali ndiyo iliyotulaza macho. Mtu aliye peke yake awe na mali halisi chini ya faranga 50,000. Mume na mke, chini ya 100,000. Nyumba anayoishi mwenyewe haihesabiwi. Lakini yaya ni mjane, anaishi Lausanne kwa kupanga, na nyumba yake iko hapa Muhumba na mpangaji ndani. Hiyo inahesabiwa, hata kama afisa wa Lausanne hajui Muhumba iko upande gani wa ziwa. Kodi ya mpangaji nayo ni mapato. Tulimwita mthamini, akasema dola 38,000. Benki ana faranga 9,000. Hata ukichukua dola kuwa sawa na faranga, ni 47,000.

Mjomba akashauri nyumba iandikwe jina langu ili isionekane. Nilikataa, na si kwa adabu tu. Mali uliyoigawa bure wanaihesabu kama bado ni yako, na kuficha ni kosa linaloweza kumrudisha mtu hatua mia. Tumeitangaza ilivyo: kopi ya certificat d'enregistrement (hati ya umiliki), karatasi ya mthamini, mkataba wa kupanga, na cheti cha kifo cha shemeji yetu.

Dosie hupelekwa kwenye kasha la AVS, yaani ofisi inayolipa pensheni, la kantoni (jimbo) anakoishi. Wanachukua gharama wanazozitambua, wanatoa mapato, wanalipa tofauti mpaka kiwango cha juu kilichowekwa. Kila mwaka aonyeshe kwamba bado anatafuta kazi. Na malipo yanaweza kukoma kabla ya 65, wakiona kwamba atastahili nyongeza za uzeeni, zile za mstaafu ambaye pensheni haimtoshi, mara tu atakapoweza kuchukua pensheni mapema.

Sasa lile la Nguba. Pesa hii ni ya anayekaa Uswisi. Inaweza kumfuata mtu katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa masharti ya mkataba wao. Kongo haimo. Siku atakayohamia Bukavu, inakatika. Nilimwambia hivyo, akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umeanguka.

Nikamwongezea la pili, maana afadhali kidonda kifunguliwe mara moja. Yaya ana karte ya ukaazi, hana pasipoti ya Uswisi. Nchi yetu haina mkataba wa pensheni na Uswisi, hivyo hata pensheni yenyewe ya AVS haitamfuata huku akiwa Mkongomani tu. Akiondoka moja kwa moja anaweza kudai arudishiwe michango yake. Akiichukua, pensheni imekwisha milele. Akipata uraia, pensheni humfuata popote.

Basi ameamua kubaki, kuomba rente-pont, na kuanza dosie ya uraia. Mama amekasirika na mimi, kana kwamba sheria niliiandika jikoni. Karatasi zote ninazo kwenye bahasha isipokuwa mkataba wa kupanga: mpangaji anasema atausaini Jumamosi, na hii ni Jumamosi ya tatu.