Jinsi ya kumhudumia mgonjwa wa kansa, kutoka kwa madaktari walioumwa wenyewe

Hii nawaandikia manesi, madaktari wa intani, na hata ndugu wanaoshinda hospitali wakimuuguza mtu wao. Dawa na dozi mna watu wa kuwafundisha, mimi nataka tuongelee ile huduma nyingine ambayo haiandikwi kwenye faili, na walimu nitakaowatumia ni madaktari ambao kansa iliwapata wao wenyewe, maana hawa wamesimama pembeni ya kitanda na wamelala juu yake pia, na walichokiona wakiwa wamelala kiliwauma.

Anza na jina lako

Kate Granger alikuwa daktari wa wazee kule Yorkshire, Uingereza. Mwaka 2011, akiwa na miaka 29, yuko likizo Marekani, akaugua ghafla na ikaja kuonekana ana aina ya kansa ambayo ni adimu sana na haiponi. Agosti 2013 akalazwa tena na maambukizi makali, na sasa yeye anayeijua hospitali nje ndani akaanza kuona kitu ambacho hakukitegemea: daktari aliyempima hakujitambulisha, nesi aliyekuja na antibayotiki hakujitambulisha, watu wanaingia wanatoka wanamshika mwili wake na hajui ni kina nani. Aliyemtajia jina na kumuongelesha kama binadamu alikuwa mhudumu wa kusukuma vitanda, na akasema lile tu lilimpa nafuu kubwa. Ndio hapo akaanzisha kampeni ya #hellomynameis, yaani kila mtumishi aanze kwa kusema mimi naitwa nani, ikasambaa Twitter mpaka nchi nyingine watu wakavaa beji. Alifariki Julai 2016 akiwa na miaka 34.

Sasa unafanyaje? Kabla hujagusa kitu chochote, hata dripu, msalimie mgonjwa ukimwangalia usoni. "Shikamoo mzee. Mimi naitwa Neema, ni nesi, nipo zamu mpaka asubuhi. Nimekuja kutoa damu kidogo kwenye mkono huu, naweza?" Ni sekunde chache tu lakini angalia umempa vitu vingapi: salamu, jina, kazi yako, utakuwepo mpaka saa ngapi, unataka kufanya nini, na umemuomba ruhusa. Hiyo ya muda watu wengi wanairuka na kwangu mimi ni muhimu sana, kwa sababu mgonjwa wa kansa usiku halali, anawaza, maumivu yanapanda saa nane usiku na anaogopa kusumbua, akijua yupo Neema na amesema yupo mpaka asubuhi ataita. Ukirudi baadaye jitambulishe tena, mtu aliyepewa mofini, ile dawa kali ya maumivu, au mwenye homa hakumbuki. Na kwenye raundi, mkija watu nane mkazunguka kitanda, anayeongoza awatambulishe wenzake hata kwa kifupi, "hawa ni wanafunzi wetu", maana watu nane kimya wanaokuangalia ukiwa umevaa nguo nusu inatisha jamani.

Halafu acheni kabisa ile ya "kitanda namba saba" au "yule wa titi". Granger aliilalamikia sana hiyo, mtu anasikia. Muulize anapenda aitweje, kuna anayetaka Mama fulani, kuna mstaafu anayetaka Mwalimu, na kuna mzee ambaye hataki kabisa kijana rika la mjukuu wake amwite jina lake kavu kavu.

Ukiwa na majibu mabaya

Huyo huyo Granger majibu ya MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, kwamba kansa imesambaa aliyapata akiwa peke yake chumbani, kutoka kwa daktari kijana ambaye hakumuuliza kama angependa mtu wake awepo, akaambiwa, daktari akaondoka na hakumuona tena. Simlaumu sana yule kijana, inawezekana hakuna aliyemfundisha, ila sisi tujifunze.

Kwahiyo tafuta sehemu yenye faragha hata kama ni kona ya chumba cha dawa, simu weka kimya, kaa chini mlingane macho. Muulize kwanza: "Tuongee sisi wawili au tumsubiri mtu wako?" Halafu muulize yeye mwenyewe anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake na angependa kujua kiasi gani. Ukisema, sema kansa, usizungukezunguke na "kauvimbe", akienda nyumbani na kauvimbe hatarudi kliniki. Ukishasema nyamaza. Hapa ndipo wengi tunaharibu, tunaogopa ule ukimya tunaujaza na maelezo ya dozi ambayo hata hayasikii. Mwache alie, mpe maji, na usitoke bila kumwambia unarudi lini.

Kuna ndugu watakaokukamata mlangoni wakuambie "dokta, usimwambie". Usigombane nao, wanampenda. Ila waambie kwa upole kwamba utamuuliza mgonjwa mwenyewe, akisema mwambieni mwanangu basi mwanae, akisema nataka kujua basi ni haki yake.

Usimwachie mgonjwa mzigo wa kuamua peke yake

Franz Ingelfinger wa Marekani alikuwa mhariri wa jarida la New England Journal of Medicine na bingwa wa magonjwa ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, na kansa ikamtokea palepale, umio unapokutana na tumbo. Baada ya operesheni likaja swali la kuongeza kemotherapi na mionzi au kuacha, marafiki madaktari wakamletea ushauri kutoka kila kona na kila mmoja na lake, mpaka yeye na familia yake ambayo nayo ina madaktari wakachanganyikiwa kabisa. Rafiki mmoja akamwambia unachohitaji wewe ni daktari. Akampata mmoja wa kumuamulia na akapata ahueni hapo hapo.

Kama bingwa alishindwa, mama aliyetoka kijijini umempa njia tatu ukasema "chagua" atafanyaje? Mweleze zote, muulize anaogopa nini zaidi na anataka nini kwenye maisha yake, halafu sema wazi "mimi ningekushauri hii, kwa sababu hii na hii", akikataa ni sawa. Na ndugu, lile grupu la WhatsApp la familia ambalo kila mtu anatuma mizizi na majani yake, mteueni mtu mmoja anayeshika faili na kuongea na daktari, wengine wote wapitie kwake.

Matibabu yakiisha

Fitzhugh Mullan, daktari mwingine wa Marekani, alikuwa na miaka 32 mwaka 1975, akapigwa eksirei na akaiona kansa kwenye picha ya kifua chake mwenyewe. Akapona. Miaka kumi baadaye akaandika kwamba ni kama tumejua kumuopoa mtu anayezama halafu tukamwacha gatini akikohoa maji peke yake, tukiamini kazi imeisha.

Siku ya dozi ya mwisho mwambie ukweli: uchovu unaweza kukaa miezi, vidole vinaweza kubaki na ganzi, kila kipimo kikikaribia usingizi utapotea na sio kwamba anapungukiwa imani. Muulize kuhusu kazi, ada za watoto, na tendo la ndoa pia, yeye ataona aibu kuanza. Muandikie kwenye kadi tarehe ya kurudi, dalili za kuja nazo haraka, na namba ambayo inapokelewa. Na kama umesema utampigia Jumatatu, piga Jumatatu, hata kama majibu bado hayajatoka, mpigie umwambie hayajatoka.